Bibi na Pasaka za Masika

Juzi sokoni Mwanjelwa kijana mmoja alifungua galoni la ulanzi, ile pombe ya mianzi, karibu yangu, na ile harufu tamu yenye uchachu ikanirudisha Mufindi, uani kwa Bibi, si mbali na Igowole. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kasichana ka kubeba mbeta, vile vipande vya mwanzi vinavyofungwa kwenye ncha iliyokatwa ya mwanzi mchanga ili kukinga ulanzi unaodondoka.

Bibi yangu alikuwa Mkristo wa kiangazi. Sisemi hivyo kwa kumsimanga, maana nampenda mpaka leo. Mvua zikinyesha, na ile mianzi aliyoiacha marehemu Babu ikaanza kudondosha, mguu wake wa kanisani ulikuwa mzito ghafla. Aligema asubuhi na jioni, majirani wakajaa uani, naye akicheka kuliko wote. Usharika wetu ulikataza pombe, kwa hiyo kila mwaka Bibi alitengwa, akakosa Meza ya Bwana, na Pasaka ikampita kwa kuwa huangukia masika. Baridi ya Juni ikiingia na mianzi imekauka, alifua khanga zake, akaenda kupiga magoti mbele ya watu wote na kutubu. Mwalimu wetu wa dini, mzee mpole, alimpokea bila maneno mengi.

Kisha akaja mwalimu mpya, kijana kutoka Iringa mjini, viatu vinang'aa. Juni ile Bibi alipopiga magoti, mwalimu huyo alimuuliza kwanza.

"Mama, unaahidi masika hutarudia?"

Nilijua Bibi anaogopa nini, maana alishaniambia tukiwa shambani. Aliyetengwa akifa hapigiwi kengele wala haombewi kanisani. "Nikifa masika, mjukuu wangu, nitafukiwa kama mbwa," alisema. Neno moja tu lingemtosha pale mbele, na mimi nilikuwa namwombea alitamke.

"Mwalimu," alisema Bibi, "nisije nikakudanganya mbele za Mungu. Masika bado sijaiona. Leo nimekuja."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwalimu hakucheka. Alimshika mkono akamwinua.

Masika ikaja, na Bibi akarudia. Ajabu ni kwamba mwalimu yule alianza kupita uani kwetu, viatu vimejaa tope.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwalimu. Nikumiminie?"

"Uji, mama."

Akapewa uji, akaunywa katikati ya walevi, akiongea habari za mahindi na mvua. Kanisa hakulitaja hata kidogo. Akishaondoka, Bibi alikisuuza kikombe chake mwenyewe kabla ya kumimina tena.

Bibi alifariki Jumamosi, kesho yake ikiwa Pasaka, mbeta zingali zimefungwa mianzini. Nililia kwa sababu mbili: Bibi, na ile kengele. Wazee wa kanisa walifika wakasema taratibu ni taratibu, marehemu ametengwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amelowa chapachapa.

"Mama huyu hurudi kila mwaka," aliwaambia. "Mwaka huu amewahi tu."

Kengele ikapigwa, na Bibi akaingia kanisani siku ya Pasaka. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona humo siku ya Pasaka.

Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani Bibi alikuwa anamchezea Mungu, na mwalimu amemkingia kifua kwa sababu ya uji. Baadaye nami nilipotea. Niliishi mjini Mbeya miaka mingi bila kukanyaga kanisani, na siku nilipojaribu kurudi ndipo nilipojua ile njia kutoka mlangoni hadi mbele ilivyo ndefu, macho ya watu yote mgongoni. Bibi aliipita kila mwaka, mzee vile, magoti yanauma. Mimi nilifika, nikapiga magoti. Sikuwa na maneno yangu, nikaazima ya kwake: "Leo nimekuja."