Nilipotafuta Nguvu kwenye Kichupa

Nakumbuka siku niliyomwambia mke wangu kwamba amezeeka. Mwanangu, hasira yangu naianzia hapo, kwangu mwenyewe, kabla sijawageukia ninyi mnaonyemelea maduka ya Karatu kama wezi, mkinunua vichupa vya nguvu za kiume.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa dereva wa lori la vitunguu, kutoka Mang'ola hadi Arusha, na umri ulishapita arobaini na tano. Nilijiona mtu kweli kweli. Kutwa nzima niko kwenye usukani, nikishuka ni nyama choma na bia, magunia wanapakia wengine. Shamba letu alilima mke wangu, Mama Emanueli, peke yake. Kitambi kikaja, usingizi ukawa wa kugeuka geuka, na kitandani nikawa nampa mke wangu mgongo. Aliponiuliza kwa upole kama naumwa, nikamjibu, "Mimi siumwi. Wewe ndiye umezeeka." Mwanamke wa miaka thelathini na saba, tena ametoka kulima! Hadi leo nikilikumbuka neno hilo nataka kujizaba kofi.

Ujinga haukuishia hapo. Mtu mmoja sokoni aliniuzia kichupa akiapa kwamba ni mafuta ya simba wa Ngorongoro, kijiko kimoja kila asubuhi na ujana unarudi. Nikawa nakunywa kwa siri. Mama Emanueli akakiona, akakinusa.

"Baba Emanueli, haya si mafuta ya mkia wa kondoo?"

Mimi niliyekulia kwenye mafuta hayo, mama akinipaka nikiwa mchanga, sikuyatambua kwa harufu, kwa jinsi nilivyotaka yawe ya simba. Badala ya kucheka nikamfokea mpaka majirani wakasikia. Kesho yake alifunga nguo zake akarudi kwao Endabash.

Nilimfuata Jumamosi. Nikakuta majirani wamekusanyika kulima shamba la baba mkwe kwa ujima. Kwetu, asiyeweza kulima huleta pombe, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuleta pombe. Nikatua debe langu huku natabasamu. Baba mkwe, mzee wa miaka sabini na ushee, hata hakulitazama.

"Pombe wanaleta wagonjwa na vikongwe," akasema. "Wewe uko upande gani?"

"Baba, mimi nimemfuata mke wangu."

"Shika jembe kwanza."

Nililima mistari miwili, pumzi zikaniishia, nikakaa chini kwenye udongo. Wenzangu walicheka waziwazi. Mzee aliendelea mpaka mwisho wa shamba, akarudi, akanisimamia.

"Miaka kumi umekalia kiti," akasema, "halafu unamwambia binti yangu amezeeka? Mengine siyasemi, mimi ni mkweo. Leo humchukui. Utakuja hapa kila Jumamosi, kwa miguu, ulime na wenzako. Siku utakayolima mpaka mwisho bila kukaa, tutaongea."

Nilikasirika, nisikufiche. Lakini dizeli ilikuwa imeadimika siku zile, lori limeegeshwa, sikuwa na kisingizio. Nikaanza safari zile. Mwanzoni miguu ilivimba, na njiani nilimtukana mzee kimoyomoyo. Kurudi nyumbani nikawa nalima na shamba letu siku za kati, bia ikapungua yenyewe kwa uchovu. Mvua zilipokwisha, mkanda wangu ulikuwa umerudi matundu matatu, nalala kama jiwe, na asubuhi naamka mwanaume. Sihitaji kueleza zaidi.

Siku niliyolima mpaka mwisho, Mama Emanueli ndiye aliyeniletea maji. Nikamwambia, "Aliyezeeka ni mimi, tena kwa uvivu. Nisamehe."

Akapokea kata tupu, akanitazama sana. "Mwili nimeuona ukirudi tangu mwezi uliopita," akasema. "Nilikuwa nasubiri hilo neno." Tukaondoka pamoja, kwa miguu.

Miaka ya baadaye daktari alinieleza kilichotokea. Mwili wa mwanaume hutengeneza homoni yake, na umri huipunguza taratibu. Kitambi, pombe na usingizi mbovu huzidi kuipunguza. Kutembea, kubeba na kulima husaidia kuilinda, hulinda na moyo na mishipa ya damu pia. Alinionya kwamba wengine shida yao ni sukari au presha, hao wapimwe, wasione haya.

Basi sikia, mwanangu. Unapanda bodaboda kwenda dukani hatua mia mbili, kisha unalalamika mwili umekusaliti! Nani kamsaliti nani? Tembea kila siku mpaka jasho likutoke. Beba kitu kizito mara kwa mara, usiwaachie vijana kila gunia. Lala mapema. Hali isipobadilika, nenda hospitali, mweleze daktari bila kuzunguka. Vichupa hivyo vitupe. Na usithubutu, narudia, usithubutu kumtwisha mkeo mzigo wa uvivu wako, maana mwili nilirudishiwa kwa msimu mmoja, lakini macho aliyonitazama nayo siku ile nilipomwambia amezeeka yalichukua miaka kunisamehe.

Mungu akupe magoti imara, pumzi ndefu, na nyumba ambayo ukirudi umechoka kwa kazi unapokelewa kwa furaha.