Suruali ya Mama Grace

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, Mwalimu Alfred, hakuna mwanamke aliyewahi kusimama na suruali mbele ya baba mkwe wake mpaka mwezi wa nne mwaka huu, mbugani Mikumi. Wa kwanza ni Letisia, mke wa mwanangu. Nasema haya nikiwa nimeinua kichwa. Watu wa Mabwerebwere, mtaa wetu hapa Kilosa, wamesimulia mengi kuhusu siku ile, mengine ya kweli na mengine ya sokoni, kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe, maana nilikuwa ndani ya gari.

Letisia amezaliwa Msowero kwa wakulima. Baba yake alikuwa na trekta moja kuukuu, na kwa kuwa vijana wake wa kiume walipenda zaidi kuuza simu mjini, aliyelijua trekta lile ni binti. Alilima nalo mashamba ya watu, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kaka yake, kwa kuwa kwao nao ni watu wa heshima. Mwanangu Samwel alimwona hapo akipita na pikipiki kwenda kufundisha. Alipokuja kuniambia amepata mchumba, nilimuuliza binti anafanya kazi gani. Akasema, "Mama, analima." Analima vipi, nilikuja kujua siku ya kupeleka mahari.

Alipojifungua Grace nilidhani sasa ametulia. Kumbe alikuwa anapanga. Mtoto nikamlea mimi, yeye akaenda chuo akarudi na cheti cha udereva, akaenda tena akarudi na cha kuongoza watalii. Mwaka huu kambi moja ya watalii kule Mikumi ikamchukua kwa majaribio. Hawakuwahi kuwa na dereva mwanamke. Siku aliponipigia simu kunieleza, niliimba jikoni peke yangu mpaka maharage yakaungua.

Sare walimpa siku ya kwanza: shati la kaki, suruali ya kijani iliyopauka, buti na kofia. Masharti yao ya mavazi ni makali. Kazini hakuna sketi, hakuna mtandio, hakuna khanga wala kitenge juu ya sare, na hakuna nguo ya buluu wala nyeusi. Anayerudia kosa hurudishwa nyumbani.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Sisi ni watu wa milimani. Misheni ilitusomesha tangu enzi za mababu, lakini adabu ya mkwe haikuigusa. Mke wa kijana wako hapazi sauti mbele ya baba mkwe, hali naye sahani moja, na hatokezi mbele yake bila nguo ya kufunga kiunoni. Baba mkwe naye hamsemeshi. Maneno yake huyapitisha kwa mtu mwingine. Kwa kuwa mume wangu ametangulia, nafasi hiyo ameishika kaka yake, Mzee Hezekia, katekista mstaafu. Ikitokea kikao cha ukoo, hata kikohozi chake kinasikilizwa.

Majaribio yalipokaribia kwisha, mkuu wa madereva wa kambi, anayeitwa Simoni, alimwita Letisia. "Gari unaliendesha kama ulizaliwa nalo," alimwambia. "Lakini huongei. Mgeni hajatoka kwao kuja kutazama kisogo cha dereva. Nitapanda na wewe safari moja nikusikilize. Ukinyamaza tena, tutaagana vizuri tu."

Mvua za masika zilikuwa zimepunguza wageni, kwa hiyo aliruhusiwa kuwaalika watu wake wajaze viti. Akanipigia simu. Nikamjibu kwamba Umoja wa Mama wa kanisani kwetu tunakuja.

"Mama, naomba msivae buluu," akasema. "Mbung'o wanaipenda sana hiyo rangi. Na nyeusi pia."

"Mwanangu, sare ya Umoja wa Mama ni ya buluu. Hatuwezi kwenda kwenye shughuli yako tumevaa kama tunaokwenda kupalilia."

Hakubisha. Mkwe mwema habishani na simu ya mama mkwe.

Asubuhi ya safari tulikuwa tumependeza, kitenge cha buluu kuanzia kichwani hadi miguuni, gari letu la kukodi likingoja. Mara akatokea Mzee Hezekia, suti nyeusi, miwani imefutwa ikang'aa.

"Shemeji, unakwenda wapi?" niliuliza.

"Nimezeekea wilaya hii, na tembo nimewaona wakivuka barabara tu. Leo nawafuata kwao."

Nani angemkataza? Njia nzima kutoka Kilosa nilikuwa nikiwaza jambo moja: Letisia hajui kama huyu anakuja.

Kambini alitupokea akiruka kutoka kwenye gari la watalii, lile la wazi pembeni, na sare imemkaa vizuri kweli. Uso ulikuwa unacheka. Kisha akaiona suti nyeusi ikishuka. Alizunguka nyuma ya gari kwa mwendo ambao sijamwona nao tena. Nikamfuata. Ndani ya mkoba wangu hakukosi kitenge cha akiba, cha buluu vilevile, nikamfunga kiunoni mwenyewe. Ndipo akaja kupiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Mzee Hezekia, akiitazama miti.

Simoni alikuwa amesimama hapo na kalamu. "Dada, hicho kitenge vipi?"

"Baba mkwe wangu yupo."

"Hongera. Lakini sare ni sare."

Nikasogea. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, halafu nikamuuliza, "Wewe una wakwe?"

"Ninao, mama."

"Mkikutana njiani na mama mkwe, unapita wapi?"

Akacheka kidogo, akakuna shingo. "Mama, leo mimi ninaandika ninachokiona. Tupande."

Tulipanda. Mimi na Mzee Hezekia tukakaa kiti cha nyuma kabisa. Tukaingia bonde la Mkata, nyasi zimeota, maji yanang'aa kila mahali, twiga wakasimama karibu mno hata ungehesabu kope zao. Wanawake wa Umoja wakawa kama watoto wa chekechea. Letisia akasimamisha gari, akageuza kichwa, akasema kitu ambacho labda usukani ulikisikia.

"Anasemaje?" aliuliza Magreti, mweka hazina wetu, mwenye sauti ya kuamsha kwaya.

Hakuna aliyejua. Tukaja kwa nyati, ikawa hivyo hivyo. Baba mkwe yuko nyuma yake, angepazaje sauti?

"Redio ya mbele imekata," Magreti akasema. Simoni akaandika. Kila alipoandika niliona kazi ya mkwe wangu inapungua.

Kisha tukaingia kwenye msitu wa miombo, njia ya Vikoboga, na mbung'o wakatufikia. Sijawahi kuona wadudu wanaochagua watu namna ile. Simoni, kwa kaki yake, walimpita kama mti. Kwenye buluu yetu walitua kama waliitwa kwa barua. Wanauma kupitia nguo, na ukimpiga mmoja anaondoka akikucheka. Magreti alijipiga, akampiga jirani, akaomba samahani, akampiga tena. Suti ya Mzee Hezekia nayo haikusalimika. Lakini wengi walijaa kwenye kitenge cha Letisia, na yeye mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nikaona mabega yanaruka. Gari likakwepa shimo, likaingia jingine, likazama kwenye tope jeusi mpaka kwenye ekseli.

Akashuka. Kitenge kikanasa kwenye ngazi, akakinasua. Kikashika tope, kikawa kizito kama mkeka wenye maji. Akainama kutazama tairi huku mkono mmoja unakishika kisifunguke. Kwa mkono mmoja utachimbua nini?

"Simoni, msaidie," nikasema.

"Leo mimi ni mgeni, mama."

Hapo vichaka vikapasuka upande wa kulia, na tembo wakatoka. Jike mkubwa, mtoto yuko chini ya tumbo lake, na wengine nyuma. Jike akatuona. Masikio yakafunguka. Hata Magreti aliacha kujipiga.

"Mama Samwel," Mzee Hezekia akaniita.

"Abee, shemeji."

"Mwambie mkwe afungue hicho kitenge."

Nilidhani sikusikia. "Shemeji, si wewe upo?"

"Mimi sipo." Akavua miwani yake, akaiweka kiganjani mwangu. "Tia kwenye mkoba, ufunge. Bila hiyo, hata wewe hapo nakuona kama gunia."

"Gunia la nini, mzee?" Magreti akanong'ona.

"La mpunga. Limeshiba." Akauelekeza uso mbele, ambako hakuona chochote. "Haya. Sasa humu hakuna suruali wala kitenge. Mwambie afanye kazi yake, wale tembo hawana habari na ukoo wetu."

Sikuhitaji kufikisha maneno. Letisia alikuwa amesikia. Kitenge kikaanguka kwenye tope, na pale nilimwona binti wa trekta. Alikata matawi, akayasukuma chini ya tairi, akachota tope kwa mikono yote miwili, akaruka kitini, akaingiza gia ya nguvu. Gari likalia, likateleza, likang'ata, likatoka. Jike alikwisha piga hatua kuja kwetu. Letisia akarudi kinyumenyume mpaka mahali pakavu, akazima injini. Jike akatutazama kidogo, kisha akageuka kwa mtoto wake. 

"Kuna nini?" Mzee Hezekia akauliza. "Wameondoka?"

Wanawake wote wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na tembo wake.

"Mnanipigia kelele. Sioni na sasa sisikii." Akalipima neno lake kabla ya kulitoa. "Gari hili lina dereva. Dereva, nieleze."

Hakumwita mkwe. Dereva anasemeshwa na yeyote aliyepanda. Letisia aliligundua hilo haraka kuliko mimi. Nikamwona anakaa sawa, anavuta pumzi.

"Baba, wako kulia kwako, umbali wa kutoka kanisani hadi kisimani," alianza, na sauti ilikuwa kamili. "Aliye mbele ni mama yao mkubwa, ndiye anayewaongoza. Mtoto hajajua bado mkonga ni wa nini. Anaukanyaga. Sasa ameutia mdomoni, ananyonya kama mtoto anyonyavyo kidole."

Mzee Hezekia akacheka, na sisi tuliokuwa tunaona tukacheka zaidi, kwa sababu tulikuwa tumetazama bila kuona.

Tangu hapo hakunyamaza. Alimweleza viboko, nani anamgombeza nani. Tulipofika kwa simba, majike wawili wamelala kwenye kichuguu, alishusha sauti, akamweleza rangi ya manyoya yao, tumbo lililojaa, nzi kwenye sikio, na jinsi mmoja alivyofumbua jicho, akatukadiria, akalifumba. Mzee Hezekia alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili. "Ametukadiriaje?" akauliza. "Kama chakula cha kesho, baba." Simoni aliweka kalamu mfukoni, akaegemea, akawa anasikiliza kama sisi.

Kambini Simoni alimngoja Letisia azime gari. Nilisimama karibu, maana jambo hili lilikuwa letu sote.

"Kitenge nimekiandika," akamwambia. "Ni onyo, na litabaki kwenye faili."

"Sawa, kaka."

"Na kazi?" nikauliza mimi.

"Kazi ni yake, mama. Jumatatu aje kusaini, kuna kundi la Wajerumani. Awaeleze hivyo hivyo, kama vile hawana macho."

Magreti alianza wimbo, sote tukaupokea, na Letisia akajifunika uso kwa kofia yake.

Sasa huja Kilosa kila anapopata mapumziko, na sare zake nazifua mimi, sitaki msichana wa kazi azipaushe. Suruali nazianika kwenye kamba ya mbele, upande wa barabara. Juzi mwanamke mmoja alisimama langoni akauliza kama Samwel ameacha ualimu, kaingia jeshini.

"Hizo ni za mke wake," nilimwambia, nikazigeuza zikauke upande wa pili.