Mrija wa Mgongoni mwa Mama

Mama alikubali kupasuliwa kifua. Alichokataa ni mrija wa mgongoni.

Daktari wa Dar alitueleza pole pole, kwa Kiswahili cha kueleweka. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umevimba, na ungeachwa ungepasuka. Lakini mshipa huohuo ndio unaopeleka damu kwenye uti wa mgongo. Wakiubana wakati wa upasuaji, uti unaweza kukosa damu, mama akaamka miguu imepooza. Kwa hiyo wangemwekea mrija mwembamba mgongoni, wapunguze maji yanayoubana uti, damu ipate kupita.

Watu wa Songea uwaambie habari ya sindano ya mgongo! Thubutu! Nilimpigia shangazi, dada wa marehemu baba anayekaa mtaa wa Lizaboni hukohuko Songea, nimpe taarifa tu. Akapiga ukelele. "Mpe simu wifi yangu! Wifi, usikubali, hiyo sindano inalemaza!" Na mama, ambaye hajawahi kumpinga wifi yake kwa lolote, akamgeukia daktari: mrija hapana.

Nilipandwa na hasira, jamani. Mwanamke amelima kijijini Mpitimbi tangu sijazaliwa, hajui kukaa bure hata Jumapili baada ya misa, leo anaitupa miguu yake kwa sababu ya simu!

"Mama, maji yakituama kwenye maharage yako unafanyaje?"

"Nayachimbia mfereji."

"Usipochimba?"

"Mizizi inaoza. Swali gani hilo?"

"Basi huo mrija ndio mfereji. Au mgongo wako ni shamba la shangazi?"

Akanisonya. Kisha akamwita daktari. "Haya, wekeni."

Siku ya upasuaji nilikaa nje nikingoja. Nilipoitwa ndani, mama alikuwa bado amelewa dawa. Nesi akamwinamia: "Mama, nichezeshee vidole vya miguu." Shuka halikutikisika. Nesi akarudia. Shuka likatikisika, kidole gumba, mguu wa kulia, halafu wa kushoto! Nikapiga vigelegele humo humo chumba cha mahututi. Wakanitoa nje, na huko nje nikaendelea.

Tuliporudi Songea, mama alitaka tupitie Lizaboni kwa shangazi kwanza. Akashuka kwenye bajaji mwenyewe, akapanda ngazi za baraza bila kushikwa mkono. Shangazi akaangua kilio cha furaha, akakimbilia ndani kutoa kiti, maana kwetu mgeni hasimamishwi.

Mama akakirudisha kwake. "Kaa wewe, wifi. Mimi leo nimekuja kusimama."