Viti vya Kando ya Njia

Jumapili, Julai. Baridi kavu, jua linawaka bila joto, bomba la uani limeganda mpaka saa nne asubuhi.

Nilifungua sanduku kutafuta blanketi, ikanipiga harufu ya kanga mpya, ile ya wanga na rangi. Kanga yenyewe ina miaka zaidi ya ishirini na haijaguswa na maji. Hasira ikanipanda hapo hapo. Sijui kama nitaeleza vizuri, shule sikufika mbali, lakini nyie naweza kuwaambia.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Troyeville, huku huku Sauzi. Mama ni mtu wa Tanga, aliolewa na Baba, Msauzi aliyekuwa uhamishoni kule. Chumba cha nyuma alipanga da Nadège, Mkongomani wa Lubumbashi, hana ndugu hapa. Alikuwa akiimba mpaka masufuria yanaitikia. Mwaka ule alichukuliwa kuimba kwenye opera moja ya zamani ya Kifaransa, na katikati akapewa kipande cha kuimba peke yake.

Mama akanunua kanga hiyo. Kwao, mwimbaji akikukuna moyo huishii kupiga makofi. Unainuka, unakwenda mbele polepole ukijitingisha, unamtunza kwa kumpa kanga, watu wote wakiona.

Tukaenda kukata tiketi. Yule dada wa dirishani akatandaza karatasi yenye mchoro wa ukumbi. Mama akaweka kidole kwenye viti viwili vya kando ya njia, safu ya tatu.

"Mwambie hivi hapa. Nipate kuinuka nikamtunze mtoto wa watu."

Kiingereza chake kilikuwa mimi. Dada wa watu aliuliza kwa upole, nisimsingizie, ila aliniuliza mimi, wala hakumtazama Mama. Nyuma yetu walipanga foleni watu wa makoti marefu. Nikamwona Mama akilini, anajitingisha na kanga mkononi, na makoti yale yote yanageuka.

Nikasema, "Upstairs, please." Viti vya katikati nilimwonyesha kwa kidole. Mama nikamwambia vya chini vimekwisha.

Siku yenyewe tulibanwa juu kabisa, magoti ya wageni kushoto na kulia, kanga mapajani mwa Mama. Kipande cha da Nadège kilipofika, sauti ilianza vizuri, halafu ikatetemeka. Nilimwona akitazama safu ya tatu, pale pembeni, anatazama tena. Mama alikunja kanga ikawa ndogo kama kitabu. Usiku ule alimwambia, "Viti vilikwisha, mwanangu," na da Nadège akasema haidhuru.

Nilikuwa mtu mzima da Nadège aliponieleza mwenyewe. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na da Nadège ndiye aliyemwomba Mama akae pale kando ya njia. "Nilimwambia, nikikuona sitaogopa."

Watu husema, ulikuwa mtoto. Kweli, nilikuwa mtoto, na sikujua habari ya msiba. Lakini kusema uongo nilijua, tena bila kukwama. Mtoto yule ningempata leo ningemzaba kofi. Labda nakosea. Sijui.

Leo nikampelekea Mama kanga jikoni, nikamwambia yote. Hakuacha kusonga ugali.

"Najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Nilikuwa nafagia nyumba za watu. Kila asubuhi natumwa, upstairs, upstairs. Neno hilo nisilijue?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nikuumbue mbele ya wale? Ulikuwa unaniona aibu, nami nikuongezee?" Akagonga mwiko kwenye sufuria. "Ila nilikasirika. Na bado. Nadège alikuwa ananitafuta kwa macho, na mimi nimekaa kule juu kama njiwa."

Nikasema nisamehe. Akasema kaa ule kwanza.

Tumekula ugali, maharage na spinachi ya kukaanga. Vipande vya nyama vilikuwa viwili. Amenipa kile kikubwa.