Mkono wa Kahawia

Siku ile tulikuwepo nyanya, baba mdogo, senge wetu, yaani dada yake baba, aliyekuja kutoka Tororo, jirani yetu wa upande wa kisimani, na sisi ndugu watatu: mimi mkubwa, dada yangu aliyenifuata, na kitindamimba wetu, msichana mdogo aliyelala mkekani huku wakubwa wakizungumza juu yake. Nawataja wote kwa sababu waliobaki sasa ni sisi ndugu watatu tu. Juzi nimeletewa kifurushi kutoka Tororo, nikakifungua hapa mlangoni Buhehe, na siku ile yote ikarudi, hata harufu ya majani ya migomba yaliyolowa mvua.

Tulikuwa tumemzika mama wiki hiyo. Baba alikuwa ametangulia zamani. Waombolezaji walikuwa wameondoka na sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, kwa hiyo nyumba ilikuwa na ukimya ule unaokuja baada ya watu wengi. Kilichosikika ni kikohozi cha mdogo wetu. Alikuwa na kifua kibaya tangu azaliwe, na masika yale, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mihogo, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Huyu namchukua," senge alisema. "Kwangu kuna nyumba ya matofali, na hospitali iko karibu."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema vile akilia. Lakini mama, katika siku zake za mwisho, alinishika mkono akaniambia, "Msitawanyike." Basi nikasema, mbele ya wakubwa, jambo ambalo kijana wa umri wangu hakupaswa kulisema: kwamba mtoto haendi popote, akipata joto atapona.

"Joto utalitoa wapi, baba?" senge akaniuliza. Kwetu kijana huitwa baba hata anapokemewa. "Wewe mwenyewe umevaa shati lenye mgongo nusu."

Nyanya ndiye aliyekata shauri. Alisema mtoto akae mpaka shule zifungwe. Senge angekuja kumsikiliza kifua. Akimkuta vilevile, angeondoka naye, na mimi nisifungue mdomo.

Jirani alikuwa mjane, Mjopadhola, kabila la upande wa Tororo, aliyeolewa huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Busia, kile cha kuuzia na kununulia. Mikono yake haikukaa bure. Hata kwenye kikao kile alikuwa akifuma. Watu walipotoka, aliinua sweta la mama la buluu kutoka kwenye rundo la nguo zilizokataliwa na jamaa kwa sababu viwiko vilitoboka.

"Hii hapana tupa," aliniambia. "Hii nafungua, nafuma tena. Wewe nafuma."

Nikamwambia mimi ni mwanamume.

"Mwanamume hapana sikia baridi?"

Ndivyo nilivyoanza. Tulilifumua sweta la mama mstari kwa mstari, uzi ukitoka umejikunja kama nywele. Tuliuosha kwa sabuni ya kipande, tukauning'iniza na muhogo mzito chini yake mpaka ukanyooka. Sindano nilizitengeneza kwa spoki za gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba, nikazinoa kwenye jiwe la kusagia na kuzipaka mafuta ya taa zisishike kutu. Hivyo sweta lile lilitoka kwa wazazi wote wawili, ingawa wakati ule sikulifikiria hivyo.

Mshono alionifundisha aliuita mtama. Kitanzi kimoja unakivuta kwa mbele, kinachofuata kwa nyuma, na ukigeuza mstari unakipinga kila kitanzi: kilicholala unakiinua, kilichoinuka unakilaza. Kitambaa kinatoka na vipele vidogo, kama punje zilizoanikwa mkekani, mbele na nyuma sawasawa. Kila mwanya kati ya punje unashika joto. Ubaya wake, alinionya, "mtama nakula uzi." Sikumsikiliza. Nilitaka sweta refu, limfikie mtoto magotini.

Nilikuwa nimeacha shule, nabeba watu kwa baiskeli ile ya baba kwenye mpaka, kutoka upande wetu mpaka ule wa Kenya. Nikisubiri abiria nilitoa sindano. Wenzangu hawakunionea huruma.

"Bibi harusi!" waliita. "Mteja huyo, weka kitambaa chini!"

"Ukimaliza, nifumie na mimi titi la kunyonya!"

Mmoja wao, mzee kuliko sote, alikuwa akicheka zaidi ya wengine. Siku moja mvua ilipotukimbiza chini ya baraza ya duka la kubadilishia fedha, alishika kile kitambaa, akakisugua shavuni, akanirudishia taratibu. Tangu siku hiyo, mtu akinitania, yeye alisema, "Mwacheni, ana kazi."

Uzi ukaisha. Kiwiliwili kilikuwa tayari, na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa haujaanza, na shule zilikuwa zinafungwa wiki ile. Nilitafuta uzi wa buluu kwenye mitumba yote ya Busia nikakosa. Nilipomweleza jirani, hakunikumbusha kwamba alinionya. Alivua sweta lake la kahawia, la pekee alilokuwa nalo, akaketi kwenye kigoda, akafumua mkono wa kushoto kutoka kiganjani mpaka begani. Vile vitanzi vya begani hakuviacha vichomoke. Alivitunga kwenye uzi wa katani, akafunga fundo.

"Utanirudishia," alisema. "Utaanzia hapa."

Senge alikuja. Mdogo wetu alitoka nje amevaa sweta la buluu lenye mkono mmoja wa kahawia. Senge alimgeuza, akaweka sikio mgongoni, akakaa hivyo muda mrefu, sote tumesimama uani kama washtakiwa. Kikohozi kilikuwepo bado, lakini kile cha kuchana kifua kilikuwa kimekwenda. Akashika kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Na huu mkono mbona hivi?"

Wakati huohuo jirani akapita na ndoo yake kichwani, mkono mmoja umefunikwa, mwingine uko wazi mpaka begani. Senge akamtazama yeye, akamtazama mtoto.

"Mama, wako umeenda wapi?"

"Mkono naenda kwa jirani," alijibu, bila kusimama. "Natembea tu."

Senge alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akakaa chini akalia. Jioni aliondoka peke yake.

Hatukutawanyika. Nimefuma masweta mengi tangu wakati ule, na kila nilipomfuata jirani na uzi wa kahawia alinitajia mtoto fulani anayekohoa. "Kwanza yeye," alisema. Mwishowe alirudi kwa ndugu zake Tororo, na huko ndiko alikozikwa. Siku hizi mpakani ni pikipiki tu, na masweta ya dukani yanauzwa bei ya chini kuliko uzi. Sijamwona mtu akifumua nguo ili kufuma nyingine. Spoki zangu wajukuu wa majirani huziomba kuchomea mahindi.

Kifurushi nilicholetewa na watu wake kilikuwa na sweta la kahawia lenye mkono mmoja. Limechakaa, shingo imeliwa na nondo. Lakini begani, upande wa kushoto, vitanzi vyote bado vimetungwa kwenye uzi wa katani, na fundo ni lilelile alilofunga siku ile. Hakuna kilichochomoka. Viko wazi, vinasubiri sindano yangu.