Sufuria Iliyopanda Ngong

Sufuria niliibeba kwa sababu ya mkate.

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea milango kule Kariobangi, alikuwa ameshona hema kwa turubai kuukuu la lori. Akasema tukalale nalo kwenye vilima vya Ngong, tule mkate, tushuke. Nikawaza: mkate ukinyeshewa je? Afadhali unga. Lakini unga unataka sufuria, na ugali wa watu watatu na mbwa wawili hauwezi kuingia kwenye kisufuria cha chai. Ndivyo nilivyojikuta nikitoka nyumbani kwetu mtaa wa Kaloleni, Nairobi, Jumamosi asubuhi nimefunga mgongoni sufuria kubwa ya mama, ile nyeusi kwa masizi, yenye kitako kizito.

Rafiki yangu aliiona kutoka mbali.

"Msomi, hiyo ni ya harusi ama ya matanga?"

"Muulize yeye," dada yangu mdogo, aliyekuwa msafiri wa tatu, akasema. "Mimi simjui huyu."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kazi haikuwa imepatikana. Siku nzima sikuwa na shughuli ila kuwaza. Niliwaza kuhusu barua nilizotuma na ambazo sijatuma, na kama jirani aliponiuliza "Bado uko?" alimaanisha bado niko nyumbani au bado niko hai. Mama aliniambia mara nyingi kwamba nikiendelea hivyo kichwa kitapasuka. Nadhani ndiyo maana alikubali niende.

Shida ilikuwa mbwa. Watu walisema vilima vile vina wezi wanaomvua mtu mpaka viatu, kwa hiyo tuliamua kwenda na walinzi wetu. Rafiki yangu alikuwa na mbwa jike mweusi wa karakana. Sisi tulikuwa na dume la rangi ya mchanga, sikio moja limekunjika, na huyo hakuwa wangu wa kutoa. Mama aliuza dagaa wa omena katika soko la Gikomba na alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Aliwahi kunyang'anywa kipochi karibu na reli, na tangu siku hiyo hakupita pale bila mbwa huyo mbele yake.

"Mchukue," alisema. "Lakini asiporudi, wewe ndiye utanisindikiza sokoni mpaka nizeeke."

Alisema akicheka, ila mimi nilimsikia vizuri.

Pikapu ya mchinjaji jirani, aliyekwenda kununua mbuzi na kulala kwa jamaa zake, ilituacha Ngong mjini. Tukapanda kutwa. Upepo ulikuwa mkali hata ukaniinamisha, na sufuria ikanigonga kisogoni kila nilipoinama, huku rafiki yangu akihesabu mapigo kama refa wa ndondi. Mbwa walipanda kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona mtaani. Kule walitembea wamebana mkia kando ya ukuta, wakitazama mikono ya watu. Huku walitembea katikati ya njia.

Jioni tulifunga hema kwenye bonde dogo kabla ya kilima cha mwisho. Nilisonga ugali juu ya mawe matatu, upepo ukisukuma moto upande mmoja. Upande huo ukaungua, ule mwingine ukabaki mbichi.

"Huu si ugali," dada yangu akasema, "huu ni ukuta wa choo."

Tulikula ulioiva. Chini ya sufuria ukabaki ukoko mnene kama soli ya kiatu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Tulikuwa tukikunja turubai sungura aliporuka kutoka kwenye majani. Mbwa wetu alivuta kamba ikakatika, yule mweusi akamfuata, na kabla hatujasimama vizuri wote wawili walikuwa wamemezwa na ukungu upande wa bondeni.

Rafiki yangu alipiga mluzi. Alipiga mpaka midomo ikakauka. Halafu nikakumbuka kwamba mtaani kwetu mluzi hufuatwa na jiwe, na mbwa yeyote wa Kaloleni akiusikia hukimbia mbali zaidi. Nikamwambia anyamaze.

"Basi tumwite jina."

Mbwa wetu hakuwa na jina. Mama alimwita Wewe. "Wewe, toka hapo. Wewe, twende." Dada yangu akaweka mikono mdomoni akaita, "Wewe! Wewe!" na bonde likamrudishia yeye mwenyewe. Wakati mwingine wowote tungecheka.

Tulingoja sana. Mwishowe rafiki yangu akaketi juu ya turubai.

"Hao washaenda, buda. Tushuke."

Dada yangu aligeuka upande ili tusimwone uso. Mimi nilimwona mama akivuka reli gizani, peke yake, beseni kichwani. Kisha nikafanya kile ninachokijua. Niliwaza. Mbwa huyu haji kwa mluzi, wala haji kwa jina. Je, kila jioni akiwa mbali, nyuma ya jumba la mikutano au kwenye jalala, huja kwa kusikia nini?

Nilichukua sufuria na kijiko cha chuma, nikaipiga kitako. Kimya. Nikapiga tena. Lakini mama hapigi sufuria. Mama hukwangua.

Nikaigeuza, nikaukwangua ule ukoko kwa nguvu zangu zote. Chuma kililia juu ya sufuria, sauti ile ya kuumiza meno ambayo kila mpangaji wa mstari wetu wa nyumba anaijua. Nilikwangua, nikapumzika, nikakwangua kama afanyavyo mama, marefu mawili na fupi moja.

Majani yakatikisika. Likatokea sikio lililokunjika, kisha uso mzima, ulimi nje, kamba ikiburuta matawi. Yule mweusi alikuwa nyuma yake. Hawakututazama. Walitia vichwa vyote viwili ndani ya sufuria.

Rafiki yangu alisimama polepole.

"Msomi," alisema, "leo digrii imefanya kazi."

Tulipanda kilima cha mwisho ukungu ukifunguka, mbwa mbele, dada yangu akikimbia nao. Juu kabisa tuliiona Nairobi yote, na upande wa mashariki moshi wa mitaa yetu. Nilipiga kelele, mimi ambaye huomba radhi nikipiga chafya. Tulipoanza kushuka rafiki yangu alinyoosha mkono. "Leta hiyo sufuria, niibebe mimi." Aliibeba kichwani mpaka Ngong mjini.

Mama alikuwa mlangoni. Alimtazama mbwa kwanza, akampapasa mbavu, ndipo akaitazama sufuria. Dada yangu akamsimulia yote, na mengine ya kuongeza.

"Nani alikwambia ubebe sufuria kubwa hivi mlimani?"

"Hakuna. Niliwaza tu."

Mama akaangalia mikwaruzo mipya ndani yake kwa muda.

"Basi waza," alisema. "Na uioshe."

Jumatatu alfajiri nilisikia kucha za mbwa zikigonga saruji ya veranda, zikimtangulia mama kuelekea relini. Nikageuka upande wa pili, nikalala.