Springi za Kilo Arobaini na Moja

Siku ya mazishi ya mama mdogo Celina, mheshimiwa mmoja alisimama mbele ya jeneza, akashika kipaza sauti na kusema kwamba marehemu aliponzwa na ukaidi wa mzee wake na pikipiki ya makumbusho. Waombolezaji wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu wanaomcheka mtu aliye karibu. Nilikuwa nimeketi kando ya mzee huyo. Aliushika mkongojo wake kwa mikono miwili na kutazama chini. Hakuna aliyesimama kumjibu mheshimiwa, nami na shahada yangu nilinyamaza kama wengine. Ndiyo maana ninaandika.

Mzee huyo ni baba mdogo Mwirigi, anayemfuata marehemu baba yangu. Alikuwa mpandishaji ng'ombe wa serikali. Kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya Buuri akiwa na mtungi wa mbegu za fahali umefungwa nyuma ya pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1966. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Fahali wa magurudumu mawili!" naye akiwajibu kwa honi. Mwaka 1971 aliteremka na pikipiki hiyohiyo hadi Ishiara, kwenye joto la Mbeere, akarudi na Celina ameketi upande, kikapu cha pojo mapajani. Celina alipenda kusimulia kwamba kiti kile kilimbembeleza njia nzima, hata akasinzia, na baridi ya Kiirua, kijijini kwetu, ndiyo iliyomwamsha. Serikali ilipoacha kuitumia pikipiki ile, Mwirigi aliinunua, na ilipochakaa kabisa akaiegesha kwenye ghala la mahindi. Kuku wakaanza kutagia kwenye kiti.

Mwaka 2013 mifupa ya mgongo ya Celina ilianza kubonyea. Daktari alieleza kwamba pingili mbili zilikuwa zimeshuka na nyingine zilikuwa njiani; dawa ilikuwepo, lakini ilikuwa sindano ya kliniki, kila baada ya wiki mbili. Kati ya kitanda chake na barabara ya lami palikuwa na kilometa nne za mawe na mitaro. Gari lolote la kukodi lilipofika kwenye daraja la magogo liligeuza. Zilizobaki ni bodaboda, na bodaboda za huko hukazwa springi za nyuma kwa ajili ya magunia ya viazi. Abiria mwenyewe hurushwa kama punje ya mahindi kwenye kikaango.

Baada ya safari ya tatu, Celina alijilaza, akageukia ukuta na kumwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Bundi, mimi sipandi tena. Niacheni nife nikiwa mzima."

"Na ile yetu?"

"Ile ya kuku?"

"Ile iliyokuleta."

Aligeuka kumtazama. "Ukiirudisha ilivyokuwa, nitapanda. Nyingine, hapana."

Basi mzee wa miaka sabini akaifunga pikipiki yake kwenye lori la viazi na kuja nayo Embu, nyumbani kwangu Majimbo, kwa sababu nilikuwa nimemtajia fundi Mbaka. Mbaka alikuwa na kibanda nyuma ya mtaa wetu na alizijua pikipiki ambazo vijana hawajawahi hata kuziona. Alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akapapasa shoki mbili za nyuma, yaani zile springi na mirija yake ya oili.

"Hizi zimekufa, mzee. Oili ilikwisha zamani, vyuma vimeliwa na kutu, na raba zimekauka. Kuzifufua ni kujidanganya. Nitakutafutia bora kuliko za mwanzo. Lakini niambie, nyuma atapanda nani?"

"Mke wangu."

"Ana kilo ngapi?"

Baba mdogo alitazama pembeni. Celina aliyeolewa alikuwa mwanamke wa kubeba madebe mawili ya maji bila kusimama.

"Arobaini na moja," alisema. "Wamempima juzi."

Mbaka hakusema pole. Aliiandika namba hiyo kwa chaki ukutani, akaizungushia duara, na kwa siku tano nilizopita pale nikitoka kufundisha niliiona. Alipata shoki za pikipiki mpya iliyogongwa, ndefu kuliko za kale kwa upana wa vidole viwili, na urefu huo ndio aliokuwa akiutaka: nafasi zaidi ya gurudumu kupanda na kushuka. Ili nyuma ya pikipiki isiinuke na cheni isisugue chuma, alichomelea vishikio vipya juu ya vile vya zamani. Akamwaga oili nzito, akaweka nyepesi. Springi zilizokuja na shoki hizo akazikataa, akatafuta nyingine laini, akazijaribu jozi tatu hadi akaridhika, akatia alama ya chaki mahali pa mkazo wake. Mwishoni, kwa ombi la baba mdogo, alizifunika kwa vifuniko vya bati vya mwaka 1966, ili Celina aione kama alivyoizoea.

"Mwalimu, hebu panda nyuma tujaribu."

"Mimi?"

"Uzito wako ni mara mbili yake, lakini si kitu. Tutakachojua tutajua."

"Fundi, chunga mdomo wako."

"Nachunga springi, Mwalimu. Mdomo hauna mzigo."

Baba mdogo alicheka, mara yake ya kwanza tangu afike. Tulizunguka mtaa, tukapita kwenye mashimo yote ya Majimbo, ambayo si machache, na nakiri kwamba nilishuka bila kujishika kiuno.

Baba mdogo alirudi Kiirua akiwa na furaha ya kijana. Palibaki kitu kimoja tu: kiegemeo cha mgongo. Alimpelekea Kiogora, mchomeleaji wa sokoni, kijana mwenye adabu ambaye ng'ombe wa kwanza wa kwao alizaliwa kwa mkono wa Mwirigi. Alimwachia pikipiki, akaenda zake kununua dawa.

Kiogora aliegemeza kiganja kwenye kiti na kiti kikazama. Waendesha bodaboda waliokuwa hapo wakaangua kicheko.

"Mzee ameuziwa godoro!"

"Hao watu wa Embu wamemla mchana kweupe."

"Akipakia gunia moja tu, tumbo la pikipiki litalima barabara."

Kiogora aliniambia haya mwenyewe baadaye, akilia. Kwake springi iliyozama ilikuwa springi mbovu. Tangu ajifunze kazi, hakuna aliyewahi kumletea pikipiki ya kulainishwa. Akafungua vifuniko, akaingiza springi ya pili ndani ya kila springi, akakaza hadi mwisho, akarudisha vifuniko, kisha akachomelea kiegemeo. Hakutaka malipo. Hakutaka hata kutaja, kwa sababu kumwambia mzee kwamba ametapeliwa ugenini ni kumwaibisha. Aliipeleka pikipiki nyumbani mwenyewe jioni, na gunia la viazi juu yake kama zawadi kwa mgonjwa.

"Nimekuangalizia kila kitu, mzee."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Asubuhi ya kliniki palikuwa na barafu nyembamba kwenye majani. Celina alivaa kitambaa chake cha kanisani. Alipouona mkia wa pikipiki na vifuniko vyake vya bati, aliugusa na kusema, "Haijazeeka kama sisi." Baba mdogo alipoketi aliona kiti hakikuzama kama kilivyozama Embu. Akadhani baridi imeigandisha oili na kwamba ingelainika njiani.

Kwenye mtaro wa kwanza aliuliza, "Uko sawa, Mama Bundi?"

"Twende tu."

Kwenye daraja aliuliza tena.

"Twende tu, Baba Bundi."

Alimuuliza mara ya tatu walipoikaribia lami, na hakujibiwa. Aliposimama, akamkuta ameuma kitambaa cha kanisani hadi kimetoboka, machozi yamemlowesha shingo. Pingili nyingine mbili zilikuwa zimevunjika. Celina hakusimama tena. Aliishi wiki sita, na katika wiki hizo hakutamka neno lolote dhidi ya pikipiki. Alimwambia mumewe kwamba alinyamaza kwa sababu aliona mgongoni mwake jinsi alivyokuwa na furaha.

Sasa nirudi kwa mheshimiwa. Siku mbili kabla ya mazishi, trekta la kuchonga barabara lilikuja. Mawe yalisukumwa kando, mitaro ikajazwa changarawe ya murram, na daraja la magogo likawekewa kalvati, bomba la saruji la kupitishia maji, ili magari yake yapite bila kukwaruzwa. Kilometa nne zilizomshinda kila mtu kwa miaka kumi zilimalizika kwa siku mbili. Mwanamke wa kilo arobaini na moja alipitishiwa barabara hiyo laini akiwa ndani ya sanduku, kisha mtu aliyeileta kwa kuchelewa akasimama na kumlaumu mumewe. Hapo ndipo watu walipocheka, na hadi leo kicheko hicho kinanikera.

Kiogora alikuja kuomba msamaha. Baba mdogo hakumfokea. Walifungua vifuniko pamoja, wakatoa springi za ndani, wakarejesha mkazo kwenye alama ya chaki ya Mbaka. Kisha mzee akapima gunia la viazi kwenye mizani ya sokoni, kilo arobaini na moja, akalifunga nyuma, akaenda hadi lami na kurudi.

"Umeonaje, mzee?" Kiogora aliuliza.

"Sijaona kitu. Barabara hii sasa haina neno la kuniambia."

Ikabidi angoje iharibike tena. Mvua za Novemba zilizoa murram yote, mawe yakatokeza, kalvati ikaziba, na mitaro ikarudi mahali pake. Nilikuwa huko Jumamosi moja alipolitoa gunia lilelile na kulifunga kwenye kiti, akiliegemeza kwenye kile kiegemeo. Nilitaka kumzuia. Nilimshikia kamba badala yake.

Alirudi baada ya nusu saa, tope magotini. Alizima injini, akakaa bila kushuka, mkono mmoja umegeukia nyuma ukilishika gunia.

"Angefika," alisema.